Lenzi ya kupiga picha za nyota kwa sisi wa karibu na ikweta

Ukisoma ushauri wa wapiga picha wa Ulaya na Marekani kuhusu lenzi ya usiku, utaambiwa milimita 24 inatosha, na wengine watakusukumia hata ya 35. Kwao ni sawa. Kitovu cha Njia Nyeupe, ile sehemu nene iliyo upande wa Nge na Mshale, hakipandi juu huko; ukiwa London hakifiki hata nyuzi 10 kutoka upeo wa macho. Mlima na nyota vinaingia kwenye fremu moja bila kusumbuana.

Huku kwetu kitovu hicho kinapanda juu sana angani. Ni neema, ila ndiyo inayofanya ushauri wao usitufae.

Chukua Ziwa Natron, ninakopenda kupigia. Ukisimama ncha ya kusini ya ziwa, upande wa kijiji cha Ngare Sero, ukatazama kusini, mlima Ol Doinyo Lengai uko mbele yako. Mwezi wa nane, kwenye saa tatu usiku, kitovu cha Njia Nyeupe kiko upande huohuo, kama nyuzi 63 juu ya upeo. Sasa isimamishe kamera wima na upige hesabu. Kwenye kihisi cha fulfremu, lenzi ya milimita 35 inaona nyuzi 54 tu kutoka chini hadi juu, ya 24 inaona 74, ya 20 inaona 84, na ya 14 inaona 104. Ya 35 itakulazimisha uchague kati ya mlima na nyota. Ya 24 inaingiza vyote kwa kubanana, na kitovu kinaangukia ukingoni mwa picha, mahali ambapo karibu kila lenzi ni dhaifu. Ya 14 inaingiza kila kitu na kubakiza, lakini Lengai wenye mita zaidi ya 2,900 unabaki kichuguu. Tena nyingi za 14 zina kioo cha mbele kilichobinuka, hazikubali kichujio cha kufunga kwa skrubu, na vumbi la magadi la Natron si la kuachia kioo kitupu.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa 20. Kama kamera yako ni ya kihisi kidogo, APS-C, tafuta ya 12 au 13.

Upana ukishaupata, ndipo uulize habari za tundu. Dukani utasikia, “Kaka, hii ni f/1.4, hakuna zaidi ya hapo.” Zipo zaidi ya hapo, na isitoshe f/1.4 ya kwenye boksi siyo utakayopigia. Faida ya tundu pana ni kwamba linakupunguzia sekunde. Kuna ile kanuni ya 500: unagawa 500 kwa urefu wa lenzi, unapata sekunde za kuacha shata wazi kabla nyota hazijaanza kuburuzika. Kwa ya 20 ni sekunde 25. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Kwenye fulfremu ya megapikseli 24, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inatembea kama pikseli sita ndani ya sekunde 25, na ukikuza picha utaona vijistari vidogo badala ya nukta. Na sisi ikweta ya anga inapita karibu kabisa na utosi wetu! Nyota za juu ya fremu zinakimbia kuliko zote wakati zile za upeo wa kusini karibu hazisogei. Toka f/2.8 nenda f/1.8, mwanga unaongezeka kama mara 2.4, sekunde 25 zinakuwa 10 kwa ISO ileile, na nyota inahama pikseli mbili tu. Hilo ndilo unalolilipia.

Halafu pembe za picha. Kuna kasoro inaitwa koma: nyota za katikati ni nukta safi, za pembeni zimeota mabawa. Lenzi inaweza kuwa kali mchana kwenye harusi na usiku ikakuaibisha. Nyingi hutulia ukizibana kidogo, kwa mfano f/1.4 ikipigwa kwenye f/2. Ndiyo maana napenda zaidi f/1.8 inayotumika wazi bila woga kuliko f/1.4 ya kubembeleza.

Kwa majina: Sony 20mm f/1.8 G ina gramu 373 tu na inakubali kichujio cha milimita 67. Nikon wanayo yao ya Z, 20mm f/1.8 S. Kwa APS-C zisizo na kioo cha ndani, Samyang 12mm f/2. Mwenye DSLR ya zamani na mfuko mwepesi, Samyang 14mm f/2.8, fokasi ni ya mkono, jambo ambalo usiku halipunguzi kitu. Unakuza nyota angavu kwenye skrini, unazungusha mpaka iwe ndogo kabisa, unabandika selotepu kwenye pete. Usiamini alama ya mwisho iliyochorwa kwenye pete. Lenzi nyingi za kisasa zenye pete ya umeme hupoteza fokasi ukizima kamera, hivyo angalia upya kila unapoiwasha.

Ukinunua iliyotumika, hasa iliyoishi Dar, Tanga au Unguja, fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kwa nyuma na uchungulie kwa mbele. Nyuzi nyembamba nyeupe zilizotandaa ndani ya kioo ni kuvu, iache. Kisha omba kutoka nje jioni, utafute taa ya barabarani iliyo mbali, uipige kila pembe ya fremu, zote nne, tundu likiwa wazi. Pembe zote zikiota mabawa sawasawa, hiyo ndiyo tabia yake, na utaidhibiti kwa kubana tundu. Moja ikiharibika kuliko nyingine, vioo vya ndani vimehama, pengine kwa kudondoshwa, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoiponya. Muuzaji asiyetaka kusubiri giza liingie, mrudishie lenzi yake.