Huduma Zinazoamka Zikihitajika: Maswali na Majibu kwa Mtihani wa Kompyuta

Swali la 1. Huduma inayoamka ikihitajika ni ipi?

Ni programu ya mfumo isiyokaa kwenye kumbukumbu tangu kompyuta inapowashwa. Mfumo wenyewe hufungua soketi na kusikiliza. Ombi la kwanza likifika, huduma huamshwa, hukabidhiwa soketi ile na kuanza kazi. CUPS, inayoshughulikia printa katika Linux, inaweza kuendeshwa hivyo: anayechapisha barua moja kwa wiki hana sababu ya kuiacha ikila kumbukumbu usiku na mchana.

Swali la 2. Je, wazo hili lilianza na systemd, programu inayosimamia huduma katika Linux?

La. inetd ilikuwa ikifanya kazi hiyo katika 4.3BSD mwaka 1986. Apple ilileta launchd katika Mac OS X 10.4 mwaka 2005. systemd ya Lennart Poettering na Kay Sievers ilifuata mwaka 2010.

Swali la 3. Umepewa kompyuta ya Linux isiyo na intaneti. Eleza utakavyopata maelezo na mifano. (Alama 10)

Hili ndilo swali la kulikalia, kwa sababu wengi hawajui kwamba karibu kila wanachokitafuta wanacho tayari.

Anza na kurasa za mwongozo. Usipojua jina la ukurasa, andika `man -k socket`, uone orodha. Namba iliyo kwenye mabano inaonyesha sehemu: 1 ni amri, 3 ni maktaba za waandishi wa programu, 5 ni muundo wa mafaili, 7 ni maelezo ya jumla. Kwa mada hii soma systemd.socket(5), systemd.service(5), daemon(7), kisha sd_listen_fds(3). Angalia: katika Debian na Ubuntu huo wa mwisho huja na kifurushi cha libsystemd-dev, kwa hiyo kisakinishe mapema, wakati intaneti ipo.

Kisha tafuta mfano ulio hai. `systemctl list-sockets` huonyesha soketi zinazosikilizwa na huduma ya kila moja. Chagua moja, kwa mfano `systemctl cat cups.socket`, nawe utaona faili lenyewe, pamoja na mstari wa ListenStream unaotaja /run/cups/cups.sock. Ni mafaili mafupi, na yameandikwa na watu wanaoitunza huduma hiyo. Mimi nayaamini kuliko mfano wowote ulionakiliwa huku na huku, maana yanalingana na toleo lililo kwenye mashine yako.

Swali la 4. Ukisoma msimbo wa mfano, utazame nini?

Tazama jinsi programu inavyopokea soketi. Haiifungui yenyewe, huita sd_listen_fds(), ambayo hurudisha idadi ya soketi zilizokabidhiwa. Ya kwanza ni namba 3, kwa kuwa 0, 1 na 2 zimeshachukuliwa na njia za kawaida za kuingizia data, kutolea matokeo na kutolea makosa. Idadi hiyo mfumo huiandika katika LISTEN_FDS, na LISTEN_PID hutaja mchakato uliokusudiwa. Mfano unaoita bind() bila kuuliza kwanza kama kuna soketi iliyokabidhiwa haufundishi jambo hili.

Swali la 5. Accept=no na Accept=yes zinatofautianaje?

Kwa no, ambayo ndiyo kawaida, huduma moja hupokea wateja wote. Kwa yes, kila mteja huamshiwa nakala yake, na jina la faili la huduma lazima liwe na alama ya @.

Swali la 6. Utajaribuje bila kugusa mipangilio ya mfumo?

Tumia `systemd-socket-activate -l 2000 --inetd -a cat`. Fungua terminali ya pili, andika `nc localhost 2000`, kisha neno lolote. Neno hilo likirudi, cat imeamshwa na ombi lako.

Swali la 7. Na kwenye Mac?

Soma launchd.plist(5), kisha tazama mafaili yaliyomo /System/Library/LaunchDaemons. Kuwa mwangalifu na umri wa mifano: mwongozo mkuu wa Apple kuhusu huduma hizi umewekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za zamani. Msimbo wa sasa huchukua soketi kwa launch_activate_socket().

Katika karatasi yako taja amri, ukurasa na namba ya sehemu yake. Jibu la "nitatafuta mtandaoni" halitoshi kwa alama 10.