Mkate na Chumvi: Ukarimu wa Vijijini Bulgaria

Mwalimu alipotutaka tuandike juu ya ukarimu wa mataifa ya mbali, mimi nilipata Bulgaria. Niliposoma darasani kwamba huko mgeni wa heshima hupokewa kwa mkate na chumvi, wenzangu waliangua kicheko. "Ati mkate mkavu? Hata chai hakuna?" Nami nikacheka pia, nakiri.

Kumbe mkate wenyewe si mchezo. Huitwa pogacha, ni wa duara, hukandwa nyumbani kwa unga wa ngano na mara nyingine hupambwa kwa maua ya unga uo huo. Haukatwi kwa kisu. Mgeni humega kipande kwa mkono, akachovya katika chumvi, akala. Chumvi hiyo mara nyingi huchanganywa na majani makavu yenye harufu nzuri na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha. Baada ya hapo huja maziwa ya mgando, jibini, maharagwe na vingine vingi. Tahadhari moja tu: wengi kule hutikisa kichwa wakimaanisha "ndiyo", kwa hiyo ukikataa chakula kwa kutikisa kichwa, utaongezewa!

Lakini lililonigusa zaidi ni mlo wa usiku wa tarehe 24 Desemba. Vyakula havina nyama, na idadi yake haigawanyiki kwa mbili: huwa 7, 9 au hata 11. Mzee wa nyumba hufukiza ubani, kisha humega mkate uliofichwa sarafu ndani. Kipande cha kwanza ni cha Mama wa Mungu, kingine cha nyumba, kisha kila mtu chake, hata mifugo hukumbukwa. Atakayepata sarafu ndiye mwenye bahati mwaka ule. Wakimaliza, meza haiondolewi vyombo hadi asubuhi, ili wazee waliokufa nao wapate kula usiku.

Hapo niliweka kitabu chini. Babu alipofariki, kiti chake kilipelekwa stoo juma lile lile, na mezani hakuna aliyemtaja tena. Likizo ilipofika nilimsimulia mama habari za Wabulgaria. Alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza, "Kile kiti bado kina miguu yote?" Nikaenda kukitazama. Kilikuwa nayo.