Leseni ya Mtaalamu wa Lishe

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu alitutaka kila mwandishi achague sheria moja ya nchi na kuieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka nyumbani. Wenzangu wengi walikimbilia sheria za barabarani. Mimi nikachukua ile ya wataalamu wa lishe, nambari 18 ya mwaka 2007. Darasa zima likacheka. Ati kula nako kunahitaji sheria?

Kula tunajua sote. Kulisha mgonjwa ndiko kugumu. Chukua mfano wa mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo mkali. Akili ya kawaida inasema ashibishwe upesi. Kumbe kufanya hivyo kunaweza kumuua! Mwili uliozoea njaa ukilishwa kwa pupa, madini katika damu hushuka ghafla, na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo, mchana na usiku. Akishatulia ndipo huhamishiwa F-100, yenye kalori 100 katika kiasi hicho hicho. Au mtazame mgonjwa wa figo. Ndizi, maharagwe na mboga za majani, vyakula tulivyosifiwa tangu shule ya msingi, vina potasiamu nyingi. Figo zikishindwa kuitoa, hujaa katika damu na moyo unaweza kusimama. Chakula kinachomjenga jirani kinaweza kumwangusha yeye.

Basi sheria yenyewe inasema nini? Iliunda taasisi ambayo wengi huijua kwa herufi KNDI, nayo ikapewa kazi ya kusimamia mafunzo, usajili na leseni za watu hawa. Mtu husomea kazi hiyo katika chuo kinachokubalika, huandikishwe kwenye rejista, kisha huchukua leseni. Hapo kwenye usajili na leseni ndipo watu huchanganya mambo. Kusajiliwa ni jina kuingia katika kitabu. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, nayo ni ya mwaka, kwa hiyo sharti ihuishwe. Cheti cha miaka mitano iliyopita kilichotiwa fremu ukutani hakitoshi. Na asiyesajiliwa akijiita kwa jina la kazi hiyo, amevunja sheria.

Nikiandika haya namfikiria shangazi yangu, ambaye ana kisukari. Alikutana na kijana mmoja hapo steji, amevaa koti jeupe, mkononi ana kitabu chenye picha za maini na figo.

"Mama, mimi ni mtaalamu wa lishe," akamwambia. "Hizo tembe zinakuchosha bure. Tumia unga huu, tembe uziweke kando."

"Una hakika, mwanangu?"

"Kabisa, mama. Wengi wamepona."

Shangazi akatoa shilingi elfu mbili, pesa za mahindi aliyouza. Hata wiki mbili hazikuisha, tukambeba hadi zahanati, kiu haikatiki, macho hayaoni vizuri, sukari imepanda vibaya. Alipopata nafuu alipelekwa kwa mtaalamu wa kweli. Huyo hakuuza kitu. Alimuuliza anakula nini, saa ngapi, ugali wa ukubwa gani, na tembe zake anazimeza lini. Kisha akampangia chakula kile kile cha nyumbani, kwa vipimo vya ngumi na kiganja.

Huyu wa pili akikosea, shangazi ana pa kushtaki. Taasisi inaweza kumwita ajieleze, na jina lake linaweza kufutwa katika rejista. Yule wa steji jina lake halikuandikwa popote, sasa litafutwa wapi? Tuliporudi kumtafuta, wenye vibanda walisema amehama. Polisi wangeweza kumkamata, naam, lakini kwanza apatikane.

Sisi wanachama wa Kiswahili tuna neno la kusema hapa. Sheria ya Kenya inalinda majina mawili, nyutrishonisti na dayetishani. Kwa kawaida wa kwanza hushughulika zaidi na lishe ya jamii, kama kliniki za watoto na shule. Wa pili huwa wodini, akigeuza maneno ya daktari kuwa sahani ya mgonjwa. Huko Uingereza ni jina la dayetishani peke yake linalolindwa na sheria. Mtu yeyote anaweza kujiita nyutrishonisti, na rejista yao ni ya hiari. Kwa hilo naona Kenya tumewapita. Lakini tukija kwenye Kiswahili, wote wawili tunawaita "mtaalamu wa lishe", na ndilo jina alilotumia kijana wa steji. Shangazi hajui Kiingereza. Angejuaje kwamba maneno hayo matatu yana mlinzi?

Mimi napendekeza dayetishani aitwe "mtaalamu wa mlotiba". Mwalimu mlezi anasema linasikika kama jina la hoteli. Haya, mwenye bora kuliko hilo alilete kwenye mkutano wa Alhamisi, tulijadili.