Dondoo muhimu: Kijana wa Masasi au Newala, mkoani Mtwara, anayetaka urubani

Anza na daktari, ada baadaye. Bila cheti cha afya cha daraja la kwanza kinachotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), fedha za korosho za ukoo mzima zitapotea bure.

Leseni ya urubani wa biashara hudai umri wa miaka 18 na, kwa kawaida, saa 200 angani. Leseni ya juu, ya urubani wa mashirika, ni saa 1,500. Kiingereza kisipungue daraja la 4 la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO).

Usitegemee kupangiwa nyumbani. Air Tanzania hutua Mtwara, lakini makao yake ni Dar es Salaam. Kampuni za ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, ambako wageni wa kazi hupata saa zao, ziko zaidi Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Kabla hujasaini mkataba uliza: nitapangiwa kituo gani, nani atalipa pango, uhamisho huombwa baada ya muda gani? Kisha soma kwa makini kifungu cha gharama za mafunzo. Ukiacha kazi mapema, unaweza kudaiwa mamilioni, na mzazi aliyekudhamini akadaiwa pia.

Anayeomba pesa ili akupe nafasi, mkatae.