Metali Nzito na Viumbe Wadogo wa Majini: Onyo kwa Afya ya Binadamu

Katika Ziwa Victoria wanaishi viumbe wadogo wa jamii ya kamba na kaa. Uduvi wa ziwani huonekana kwa macho. Dafnia, ambao wengi ni wadogo kuliko punje ya mchele, huonekana vizuri kwa lenzi. Viumbe hao ni chakula cha dagaa na cha sangara wachanga. Kwa hiyo, sumu inayowaingia yaweza kufika katika sahani ya mlaji.

Chanzo cha uchafuzi

Mkoani Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu iliyomo katika mchanga uliosagwa. Mchanganyiko unaopatikana huchomwa. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa kama mvuke. Zebaki nyingine hubaki katika marudio, na mvua huisomba hadi mitoni. Risasi na kadimiamu hutokana pia na betri chakavu na taka za viwandani.

Namna metali zinavyodhuru

Shaba ikizidi huzuia mwili wa dafnia kufyonza sodiamu kutoka majini, na kiumbe hupungukiwa chumvi hadi kufa. Kadimiamu hupita katika njia zilezile za kalsiamu. Kwa kuwa viumbe hawa hukua kwa kujivua gamba, na huhitaji kalsiamu kulikaza gamba jipya, athari yake ni kubwa. Hata kiasi kisichoua hupunguza ulaji, hudumaza ukuaji na hupunguza idadi ya watoto.

Kwa sababu hiyo maabara huwatumia dafnia kupima maji: wachanga huwekwa humo kwa saa 48, kisha huhesabiwa walioshindwa kuogelea. Kipimo cha uzazi huchukua siku 21. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Katika maji yenye kalsiamu kidogo, hata chini ya miligramu 0.1 yaweza kuwalemaza dafnia.

Zebaki ina hatari ya namna nyingine. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hutoka mwilini polepole sana. Dafnia na uduvi waweza kuibeba wakiwa hai, na kiasi chake huongezeka kila kiumbe kimoja kinapoliwa na kingine. Basi kufa kwa viumbe hawa ni onyo, lakini kuwapo kwao hai si ushahidi kwamba maji ni salama.

Maana yake kwa huduma za afya

Methili-zebaki hupenya kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa kijusi. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956, baadhi ya akina mama wenye dalili chache walijifungua watoto walioathirika vibaya. Mvuke wa zebaki nao huleta kutetemeka kwa mikono, kukosa usingizi, usahaulifu na hasira za haraka. Figo pia zaweza kudhurika. Dalili hizi hufanana na za maradhi mengine, hivyo mhudumu asiyeuliza kazi ya mgonjwa, na mahali dhahabu inapochomewa, aweza kukosa chanzo.

Ushauri

1. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba, jikoni wala karibu na watoto. Wajawazito wakae mbali na kazi hiyo. Kifaa cha kunasa mvuke hupunguza hatari.

2. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Maji ya kunywa yasichotwe karibu na sehemu za kuoshea dhahabu.

3. Samaki wasiachwe, kwani ni chakula bora. Dagaa ni wadogo na huishi muda mfupi, hivyo kwa kawaida hubeba zebaki kidogo kuliko sangara wakubwa wa ziwa lilelile. Mjamzito achague dagaa.

4. Mwenye dalili zilizotajwa, ikiwa anafanya kazi na zebaki au anaishi inapochomwa, afike kituo cha afya na aeleze jambo hilo bila kuficha. Uchunguzi wa mkojo hubaini mvuke uliovutwa. Ule wa damu au nywele hubaini methili-zebaki iliyotokana na samaki.