Nani Amebeba Mzigo? Kusali kwa Kutazama Picha

Vijana wapendwa, leo tusali kwa macho. Tafuteni ule mchoro wa Stanley akikutana na Livingstone pale Ujiji, Novemba 1871. Ulitoka kwenye kitabu cha Stanley cha mwaka 1872, na wengi tumeuona shuleni.

Usikimbilie maana. Tazama tu kwanza. Katikati wako Wazungu wawili, wamesimama wima, wanavuliana kofia. Upande wa Livingstone wamejipanga Waarabu wenye vilemba. Upande wa Stanley ni watu wake na bendera ya Marekani. Sasa jiulize: inakufanya ujisikieje? Mimi naona imetulia mno, kama hafla ya serikali. Jasho liko wapi? Jamani, hawa wametembea miezi mingi toka Bagamoyo! Pale Kwihara, jirani na Tabora mjini, Stanley alikwama muda mrefu kwa homa na vita ya Mirambo. Vyote hivyo havionekani. Utulivu huo ni chaguo: mtu ameamua nani akae katikati na nani asogezwe pembeni.

Basi tukae na wa pembeni. Njia ya msafara ilitembea kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Kwenye mchoro ni kundi tu, huwezi kumjua mmojammoja.

Lakini Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, watu wake, wakiwemo Susi na Chuma, walizika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba. Walipofika eneo la Tabora, ofisa Mwingereza, Cameron, aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa! Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, ukalala katika misheni yetu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Rudi sasa kwenye mchoro. Yule wa katikati atakuja kubebwa na watu wa aina ya wale wa pembeni. Hali yake imebadilika, au siyo?

Simoni wa Kirene alilazimishwa kubeba. Hawa waliambiwa watue, wakagoma.

Kazi ya wiki: simama mbele ya Kituo cha Tano parokiani kwako, dakika kumi, simu mfukoni. Mchoraji amemweka wapi Simoni? Anamtazama nani? Jibu lako lilete kwenye jumuiya.