Kioo cha Mlango Kilichovunjika

*Bwana Mhariri, Corolla yangu ya mwaka 1995 imevunjwa kioo cha mlango wa nyuma karibu na foleni ya malori. Fundi ananiambia ninunue mlango mzima. Je, ni lazima? Msomaji, Malaba.*

Ndugu msomaji, pole kwa hasara iliyokufika. Lakini ikiwa bati la mlango halikupinda, hapana haja ya mlango mzima, kwani kioo cha ubavuni hupashwa moto mkali na kupozwa ghafula kiwandani, na kwa sababu hiyo kikipigwa husambaratika chote kuwa punje, ilhali reli na mashine ya kukipandishia aghalabu husalimika.

Tafuta kioo cha mtumba kwa wauza spea wa Busia, cha mlango uleule na upande uleule, ukitahadhari kwamba cha stesheni wagoni hakikai katika saluni. Na ukikinunua ng'ambo ya mpaka, dai risiti ukitangaze forodhani.

Vaa glavu, ondoa bodi ya ndani taratibu, kisha ufyonze punje zote tumboni mwa mlango, wala usifanye haraka hapa, kwa sababu zikibaki zitakwaruza kioo kipya na kuziba vitundu vya chini vya kutolea maji, na mvua za huko zitauozesha mlango kwa kutu. Raba iliyokauka ibadilishwe. Kaza bolti kwa kiasi, halafu upandishe na kushusha kioo kabla ya kurudisha bodi.

Reli ikiwa imepinda, mwachie fundi stadi. Na punje ikiingia jichoni, usilisugue, bali nenda hospitali siku hiyohiyo.